Sarkoidosisi: antibayotiki au steroidi? Tuzilinganishe kabla hujameza chochote

Hii naiandika kwa ajili ya yule ambaye jibu la kipimo cha nyama (kipande kidogo kinachokatwa mwilini kikapimwa) limeshatoka, karatasi imeandikwa sarkoidosisi, daktari kamwambia aanze prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, na usiku huohuo kaingia mtandaoni kakuta watu wanasema kwa uhakika kabisa kwamba ugonjwa huu unaletwa na bakteria, kwamba kuna mtu alikunywa antibayotiki mwaka mzima akapona, na kwamba steroidi ndiyo sumu yenyewe. Najua hiyo hali kwa sababu shangazi yangu yuko Maryland anaugua hii kitu miaka sasa, na kwenye grupu la familia kila mtu anamtumia linki yake, huyu anasema kunywa hiki, yule anasema acha kile, na yeye ndiye mwenye mapafu.

Msimamo wangu nautaja mapema. Hoja kwamba bakteria wanahusika na sarkoidosisi ni hoja nzito, ina watafiti wa maana nyuma yake, siidharau. Lakini bakteria kuhusika ni swali moja, na antibayotiki kusaidia ni swali jingine kabisa, na wengi wakishapata jibu la swali la kwanza wanajipa jibu la pili bila kulipima. Ukiyatenganisha hayo mawili, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi.

Ugonjwa wenyewe kwa kifupi

Kinga ya mwili inajikusanya kwenye vinundu vidogovidogo vinavyoitwa granuloma, seli zimejipanga duara kama askari waliozingira nyumba wanayodhani ina mwizi ndani. Vinundu hivi vinapenda sana mapafu na tezi za kifuani, ila vinaweza kutokea kwenye ngozi, macho, ini, moyo, mpaka mishipa ya fahamu. TB nayo inatengeneza granuloma, tofauti ni kwamba ya TB mara nyingi inaoza katikati na ya sarkoidosisi kwa kawaida haiozi, na hapo ndipo kwetu Afrika Mashariki watu wanapopotea, mtu ana kikohozi, kapungua uzito, eksirei ina tezi zilizovimba, makohozi hayaonyeshi kitu, kipimo cha TB cha GeneXpert hasi, anaanzishiwa dawa za TB hivyohivyo, miezi sita inaisha na kikohozi kipo palepale.

Wa mwanzo kuuelezea ni Jonathan Hutchinson wa London karne ya 19, halafu Caesar Boeck wa Norway ndiye aliyeandika mwaka 1899 kuhusu vinundu vya ngozi na jina likatokea hapo. Tangu enzi hizo watu wanauliza je, huu si TB iliyojificha? Kwa hiyo mjadala wa bakteria haukuanzishwa na mtu wa mtandaoni, una zaidi ya miaka mia.

Na unatuhusu. Utafiti wa Detroit uliochapishwa 1997 ulikuta Wamarekani weusi wanapata ugonjwa huu kwa kiwango cha watu 35.5 kwa kila laki moja kwa mwaka, weupe 10.9, na kwa weusi unakuwa mkali zaidi na unakaa muda mrefu zaidi. Yule mchekeshaji Bernie Mac aliyefariki 2008 alikuwa nao.

Jambo moja ulishike kabla hatujaenda mbali, maana litarudi kwenye kila njia nitakayoitaja: nusu ya wagonjwa au zaidi ugonjwa unaisha wenyewe ndani ya miaka michache, bila dawa yoyote. Wale wanaoanza na aina inayoitwa Löfgren, yaani vinundu vyekundu vinavyouma miguuni, viungo kuuma na tezi za kifuani kuvimba pande zote mbili, wengi wao sana wanapona. Sasa fikiria, ugonjwa wa hivyo, mtu akinywa chochote kile, maji ya mwarobaini, antibayotiki, vidonge vya sukari, akapona mwaka unaofuata, atakiapia hicho alichokunywa. Na hatakuwa anadanganya, atakuwa anaamini kabisa.

Watuhumiwa wawili: jamii ya TB, na bakteria wa chunusi

Wanaosema bakteria hawasemi kitu kimoja. Marekani wamewafuatilia zaidi mycobacteria, yaani ukoo wa kijidudu cha TB. Japani wamemfuatilia Cutibacterium acnes, ambaye zamani aliitwa Propionibacterium acnes, huyu anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na anahusishwa na chunusi.

Tuanze na mycobacteria. Mwaka 2007 watafiti wa India walikusanya tafiti 31 zilizotafuta chembe za urithi za mycobacteria kwenye nyama za wagonjwa wa sarkoidosisi, jumla wagonjwa 874, wakazikuta kwa 231, yaani asilimia 26 hivi, na ukilinganisha na wasio wagonjwa uwezekano ulikuwa mkubwa karibu mara kumi. Hiyo siyo bahati mbaya. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2005, David Moller na wenzake wa Johns Hopkins walionyesha kwamba protini moja ya mycobacteria inayoitwa mKatG ipo kwenye nyama za wagonjwa na kinga yao inaishambulia. Wonder Drake wa Vanderbilt kule Nashville naye alikuta chembe za kinga za wagonjwa zinazitambua protini za mycobacteria.

Ila geuza ile asilimia 26 uitazame upande wa pili, karibu robo tatu ya wagonjwa hawakuonyesha kitu. Na hakuna aliyeweza kumkuza huyo mdudu maabara akiwa hai kwa njia inayorudiwa na wengine ikakubali. Kuna kisa hapa inabidi nikae nacho kidogo kwa sababu watu wa mtandaoni wanataja nusu yake tu. Mwaka 1996 ilichapishwa kazi iliyosema kwamba kwenye damu ya karibu wagonjwa wote waliopimwa wameota bakteria wasio na ukuta, wale wanaoitwa L-form, na kwa watu wasioumwa hawakuota. Watu wakafurahi, ushahidi ndio huu. Basi mradi mkubwa wa Marekani ulioitwa ACCESS, vituo kumi, wagonjwa zaidi ya 700 na kila mmoja na mwenzake asiyeumwa wa kulinganisha naye, ukaamua kurudia jambo hilohilo kwa damu za wagonjwa na za wasio wagonjwa zikapandwa kwa utaratibu mmoja. Majibu yakatoka 2003: zile umbo zilizodhaniwa ni bakteria zilionekana kwa wagonjwa na kwa wazima kwa kiwango karibu sawa. Yaani kilichokuwa kinaonekana hakikuwa alama ya ugonjwa. Bado leo utakutana na mtu anakutajia ile ya 1996 kama vile ya 2003 haikuwahi kutokea.

Sasa yule wa chunusi. Wajapani walimkuza kutoka kwenye tezi za wagonjwa tangu miaka ya 80, na Yoshinobu Eishi wa Tokyo na wenzake wakaendeleza kwa miongo. Kazi yao ya 2002 nadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote upande huu, walichukua sampuli 108 za tezi za wagonjwa, si wa Japani tu bali na wa Italia, Ujerumani na Uingereza, wakamkuta C. acnes au ndugu yake kwenye zote kasoro mbili. Kijidudu cha TB kwenye sampuli hizohizo kilikuwa hakipo kabisa au kwa wachache sana. Baadaye wakatengeneza kingamwili maalumu ya kumtia rangi huyo bakteria wakamuona ndani ya granuloma zenyewe.

Kwa wingi wa kuonekana C. acnes anamshinda mycobacteria mbali. Tatizo lake ni kwamba anaishi kwa kila mtu. Hata kwenye tezi za watu wasio na sarkoidosisi alionekana kwa baadhi, ingawa kwa idadi ndogo. Ukimkuta eneo la tukio mtu ambaye ni mkazi wa hapo huwezi kumfunga kwa hilo tu, lazima uonyeshe amefanya nini. Kwa hiyo mimi ningesema hivi: C. acnes anaonekana sana lakini ni mgumu kumthibitisha, mycobacteria anaonekana kwa wachache lakini akionekana ana maana zaidi, na inawezekana kabisa ugonjwa tunaouita jina moja una vichochezi zaidi ya kimoja. Wafanyakazi wa uokoaji waliovuta vumbi la majengo ya New York baada ya Septemba 2001 nao baadhi walipata ugonjwa wa granuloma unaofanana na huu. Vumbi la madini ya berili linaleta ugonjwa ambao chini ya hadubini ni vigumu kuutofautisha nao.

Kwa nini kuua bakteria kunaweza kusisaidie hata kama bakteria ndiye aliyeanzisha

Hapa ndipo pananigusa zaidi, na ndipo mjadala wote unapokatikia.

Moja. Steroidi zinashusha kinga. Mgonjwa wa TB ukimpa steroidi peke yake bila dawa za TB anazidiwa. Dawa kama infliksimabu, ya kuchomwa na ya kushusha kinga, zinaamsha TB iliyolala, hilo linajulikana vizuri mpaka ni lazima upimwe TB kabla hujachomwa. Sasa sarkoidosisi ukiipa hizohizo steroidi na infliksimabu, granuloma zinasinyaa. Kama ndani yake kungekuwa na bakteria hai wanaozaliana, ungetegemea kinyume chake.

Mbili, na hii sisi wa huku tungepaswa kuijua kuliko wote. Mtu mwenye VVU kinga ikiwa chini sana, TB inamshambulia vibaya, sarkoidosisi inatulia. Akianza dawa za kufubaza na CD4, chembe zake za kinga, zikapanda, ndipo sarkoidosisi inajitokeza, visa vya namna hii vimeandikwa. Ugonjwa unaohitaji kinga yenye nguvu ili uonekane unakwambia kwamba kazi kubwa ya uharibifu inafanywa na kinga yenyewe.

Kundi la Moller likatoa wazo ambalo kwangu linaunganisha pande mbili: bakteria alikuja, kinga ikamuua, lakini mabaki yake hayakusafishwa, yamenaswa kwenye protini inayoitwa serum amiloidi A iliyojazana ndani ya granuloma, na kinga inaendelea kupigana na mabaki. Kama ni hivyo, bakteria ni chanzo kweli na bado antibayotiki haina cha kuua. Wazo hili bado linapimwa, ila ukiliweka kichwani utaona kwa nini daktari anayekwambia antibayotiki haisaidii mapafu si lazima awe anakataa kwamba bakteria walihusika.

Sasa njia zenyewe

*Kusubiri huku unapimwa.* Wengi hawaihesabu kama njia. Ni njia. Kama ni tezi za kifuani tu, pumzi nzuri, macho safi, moyo safi, kalsiamu na figo viko sawa, huna dalili zinazokusumbua, wataalamu wengi watakwambia tusubiri, rudi baada ya miezi mitatu, pima pumzi, piga eksirei. Madhara sifuri. Ugumu wake ni moyo wa mtu, kukaa na ugonjwa bila kumeza kitu, hasa kwetu ambapo mtu akitoka hospitali bila dawa nyumbani wanamuuliza sasa ulienda kufanya nini.

*Prednisoloni na wenzake.* Kwa mapafu yanayopoteza pumzi dozi ya kuanzia inakuwa miligramu 20 mpaka 40 kwa siku halafu inashushwa polepole, mara nyingi matibabu yanaenda miezi sita mpaka mwaka au zaidi. Inafanya kazi haraka, hilo halina ubishi. Utafiti wa India wa 2023 ulilinganisha 40 na 20 za kuanzia ukaona 40 haikuwa bora, jambo zuri la kumuuliza daktari wako kama amekuandikia dozi kubwa. Madhara yake unayajua au utayajua: uzito, uso kuvimba, sukari kupanda, usingizi kukata, mifupa kulegea, macho. Wanaosema steroidi ni mbaya hawajatunga, ni mbaya kweli ukikaa nazo muda mrefu. Wanapokosea ni kudhani mbadala pekee ni antibayotiki.

Mbadala upo. Methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, inatumika miaka mingi, na mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Uholanzi wa wagonjwa 138 wa mapafu ambao walikuwa hawajaanza dawa yoyote, nusu wakaanza na prednisoni (ndugu wa prednisoloni) nusu methotreksati, baada ya wiki 24 pumzi zao zilikuwa zimeboreka na methotreksati haikuonekana duni kuliko prednisoni, ingawa prednisoni ilianza kuonyesha matokeo mapema zaidi. Hii ni habari kubwa kwa mtu mwenye kisukari ambaye prednisoloni itamvuruga. Ila sikiliza, methotreksati ni MARA MOJA KWA WIKI, siyo kila siku, watu wamekufa kwa kuinywa kila siku kwa kutoelewa karatasi, na inahitaji foliki asidi, kupima ini na damu, kuacha pombe, na usibebe mimba ukiwa nayo. Zikishindikana hizo ndipo infliksimabu inaingia, ambayo ni ghali na kwetu kuipata ni shughuli.

Kwa ngozi na kalsiamu iliyopanda kuna pia hidroksiklorokwini, ile ya ukoo wa dawa za malaria, macho yapimwe.

*Minosaiklini au doksisaiklini.* Hapa antibayotiki ina hoja ya kweli, na hoja hiyo ni ya NGOZI. Ufaransa mwaka 2001 waliripoti wagonjwa 12 wa sarkoidosisi ya ngozi waliopewa minosaiklini miligramu 200 kwa siku kwa takriban mwaka, 8 vinundu viliisha kabisa, 2 vikapungua, na baadhi walipoacha vikarudi. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kumbuka nilichosema kuhusu kupona kwenyewe, lakini 10 kati ya 12 kwa vinundu sugu vya ngozi si kitu cha kupuuza, na madaktari wa ngozi wengi wanaitumia mpaka leo. Ila kusaidia kwake hakuthibitishi bakteria, kwa sababu dawa za ukoo huu zinatuliza uvimbe zenyewe, ndiyo maana zinatumika hata kwenye magonjwa mengine ya ngozi ambayo hakuna anayetafuta bakteria. Ukinisikia mimi, kwa mtu mwenye vinundu usoni, hana shida mapafuni wala kwingine, krimu ya steroidi imeshindwa na anaogopa vidonge vya steroidi, hii ni njia ya heshima kabisa kuizungumza na daktari. Doksi ni rahisi kuipata na bei yake ya kawaida, inywe na maji mengi usilale papo hapo, jua litakuunguza haraka zaidi. Minosaiklini inaweza kuacha weusi wa bluu kwenye ngozi, kuleta kichwa kikali kwa shinikizo ndani ya fuvu, na mara chache kuchokoza ugonjwa wa kinga. Mjamzito asitumie.

*CLEAR.* Jina limetokana na dawa nne kwa pamoja, levofloksasini, ethambutoli, azithromaisini na rifampisini, mpango wa Wonder Drake na wenzake uliolenga mycobacteria moja kwa moja. Hawa nawaheshimu sana kwa sababu walifanya kile ambacho wengine wote walikwepa, walipima. Kwanza ngozi: wagonjwa 30, wakagawanywa kwa kura, wengine dawa wengine vidonge vitupu, wiki 8, majibu ya 2013 vinundu vya waliopata dawa vilipungua kipenyo kwa wastani wa milimita 8.4 na vya wenzao havikusogea. Nzuri. Wakajaribu mapafu kwa watu 15 bila kundi la kulinganisha, si wote waliomaliza dozi, lakini waliomaliza pumzi ziliongezeka, matumaini yakapanda, na huu ndio utafiti unaosambazwa zaidi mtandaoni.

Halafu ukaja mkubwa. Wagonjwa 97 wa mapafu sugu, kura, dawa dhidi ya vidonge vitupu, wiki 16, ukachapishwa 2021. Pumzi hazikuboreka. Umbali wa kutembea haukuboreka. Jinsi wagonjwa wenyewe walivyojisikia, hakukuwa na tofauti ya maana. Na walioandika hivyo ni walewale waliokuwa wakiliamini wazo hili kuliko mtu yeyote duniani.

Basi kwa mapafu CLEAR imepimwa na imeshindwa, kwa ngozi ina utafiti mdogo mmoja mzuri. Lakini kwa mtu aliyeko Mwanza au Kisumu au Bujumbura naongeza sababu nyingine za kuikataa nyumbani. Rifampisini na ethambutoli ni dawa za TB, levofloksasini ni ya akiba kwa TB sugu. Ukizinywa kiholela wiki nane na kumbe una TB ambayo haikuonekana, unajitengenezea TB isiyosikia dawa, na utawagawia watoto wako. Pia rifampisini inaharakisha ini kuvunja dawa nyingine, prednisoloni unayokunywa inapungua nguvu, vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, dolutegravir ya VVU inabidi dozi ibadilishwe. Levofloksasini ukichanganya na steroidi kano za kisigino zinaweza kukatika. Azithromaisini na levofloksasini zote zinagusa umeme wa moyo, na sarkoidosisi nayo inaweza kuwa imeingia kwenye moyo bila wewe kujua, sasa hapo unacheza na mapigo mara mbili. Ethambutoli inaweza kuharibu mshipa wa jicho, kwa ugonjwa ambao tayari unapenda macho.

*Mpango wa Marshall.* Huu ndio shangazi alitumiwa linki zake nyingi kuliko zote. Ulianza miaka ya 2000, mwenye nao ni Trevor Marshall, mtu wa uhandisi na si daktari wa tiba, aliyeko California. Kwa maelezo yake bakteria wamejificha ndani ya seli za kinga na wanaziba kipokezi cha vitamini D, kwa hiyo unakunywa olmesatani, ambayo ni dawa ya presha, miligramu 40 kila baada ya saa kama sita hivi, pamoja na minosaiklini kidogokidogo na antibayotiki nyingine zikiongezwa kwa hatua, unakwepa jua, unakwepa vyakula vyenye vitamini D, na inaenda miaka.

Niseme lililo la kweli kwanza. Kwenye sarkoidosisi vitamini D kweli ina mambo yake, granuloma zinatengeneza zenyewe ile aina yake yenye nguvu, kalsiamu inapanda, figo zinapata mawe au zinaharibika. Kwa hiyo mgonjwa asijinunulie vidonge vya vitamini D bila kupimwa aina zote mbili na kalsiamu. Hilo daktari mzuri wa kawaida atakwambia pia.

Lakini mpango wenyewe haujawahi kupimwa kwa utafiti wa kura dhidi ya vidonge vitupu. Olmesatani kiwango cha juu kwenye karatasi ya dawa ni 40 kwa SIKU, hapa unakunywa mara kadhaa ya hiyo, presha inaweza kushuka ukaanguka, figo zinaweza kuumia, inadhuru mimba, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba inaweza kuleta kuhara kukali kwa muda mrefu na kukonda. Na linaloniumiza zaidi ni hili: mgonjwa akizidiwa anaambiwa ni ishara nzuri, bakteria wanakufa. Mwitikio wa namna hiyo upo kweli kwenye kaswende, unaitwa Herxheimer, lakini unaisha ndani ya siku moja hivi. Ukizidiwa miezi na miezi huo siyo Herxheimer, huo unaweza kuwa ugonjwa wako unakula mapafu huku umeambiwa uvumilie. Njia ambayo ukipata nafuu inafanya kazi na ukizidiwa pia inafanya kazi, haina namna ya kukwambia kwamba imeshindwa, na mgonjwa anahitaji sana kuambiwa hivyo mapema. Shangazi yangu nilimwomba asiiguse, nakuomba na wewe.

Ukichagua, chagua kwa kiungo kilichoguswa

Ngozi tu: hapa una nafasi, krimu, doksi au minosaiklini, hidroksiklorokwini, hata kusubiri, hukosei sana.

Mapafu yasiyo na dalili, pumzi nzuri: subiri na upimwe.

Mapafu yanayopoteza pumzi: prednisoloni au methotreksati, na antibayotiki usiitegemee hapa, imejaribiwa na watu waliotaka ifaulu.

Kabla ya steroidi, ukiwa huku kwetu, sisitiza mambo haya na usione aibu kuuliza: TB imetafutwa vizuri, ikiwezekana kwenye kipande cha nyama chenyewe na siyo makohozi peke yake, VVU imepimwa, sukari imepimwa, na kama umekulia sehemu za kutembea pekupeku kwenye udongo unyevu, uliza kuhusu minyoo ya strongyloides, maana steroidi zinaweza kuifumua ikaenea mwili mzima, na dawa yake ivermektini ni ya bei ndogo. Ukiambiwa una TB bila kipimo chochote kuithibitisha na miezi miwili ya dawa haijabadilisha kitu, omba kipimo cha nyama, usingoje miezi yote sita.

Ukishaanza steroidi usiziache ghafla kwa sababu ya video uliyotumiwa. Mwili ukishazoea unaacha kutengeneza ya kwake, ukikata kwa siku moja unaweza kuanguka presha na kupoteza fahamu. Zinashushwa kwa ngazi na daktari akijua.

Na macho na moyo havina mjadala wa hiyari. Jicho jekundu linalouma, kuona ukungu, mapigo yanayoruka, kuzimia, kizunguzungu cha ghafla, uso kupooza upande mmoja, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, na kila mgonjwa wa sarkoidosisi hata wa ngozi tu apimwe macho na apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mara anapogundulika. Watu wanabishana miaka kuhusu bakteria wa kwenye tezi za kifua, na wakati huo jicho linaweza kupotea kwa wiki chache.